Stendi ya kukunja ya kusomea hotuba: nyepesi, na hapo ndipo kasoro ilipo

Ina miguu mitatu, mabomba mawili yanayoingiana na kibao cha bati chenye ukingo wa kuzuia karatasi. Ikikunjwa inaingia kwenye mfuko wa begani. Kwa mzungumzaji wa leo hapa kesho kule, inafaa. Kwa ukumbi wa kudumu, afadhali ya mbao.

Wepesi huo ndio unaoiponza. Marufaa ya kusomea Kurani, vile vibao viwili vilivyopishana kama mkasi bila msumari hata mmoja, hutulia kwa sababu msahafu wenyewe huikandamiza ikafunguka mpaka mwisho. Zile za shaba za makanisani, zenye tai aliyetandaza mabawa, hubeba Biblia nene bila kutikisika kwa kuwa kitako ni kizito. Hii uzito wake uko kichwani. Msemaji akiegemeza viwiko, inamlalia. Elekeza mguu mmoja upande wake, si wa hadhira (atajigonga kidole mara moja, atazoea), kisha ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 2 au 3 pale miguu inapokutana.

Ukingo wa kibao uwe chini kidogo ya kiwiko. Ukipanda zaidi, karatasi zinaficha uso. Mwinamo wa nyuzi 20 hadi 30 unatosha: kibao kikilala bapa, msomaji anainama na sauti inaishia kifuani.

Upana wa sentimita 48 ni sifa halisi. Kurasa mbili za A4 zinakaa sambamba, kwa hiyo uliyoimaliza unaitelezesha kushoto badala ya kuipindua. Basi usizibane kwa pini, na weka namba kila ukurasa.

Kinachoudhi ni skrubu ya plastiki ya kukazia kimo. Katikati ya hotuba bomba huanza kushuka taratibu, na msemaji hushuka nalo. Rangi ya bomba la ndani ni laini mno, na mafuta ya mikono huzidisha utelezi. Lifute kwa spiriti. Usikaze kwa koleo, uzi wa plastiki utaliwa na skrubu itazunguka bure.

Kishikio cha maiki kilichopachikwa kibaoni kiache kama kilivyo. Bati hupeleka kila mguso wa kidole hadi kwenye spika. Maiki iwe na stendi yake.