Kipochi cha silikanti: asubuhi moja katika duka la vifaa vya ushoni, Ngamiani, Tanga

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwanunulia watoto wa nyumbani vipochi vya zipu vyenye sura za wanyama, vya paka, vya sungura na vya dubu, na kila mara mambo yamekwisha namna ileile: baada ya wiki mbili au tatu zipu huachia pale pembeni, meno hupishana, kichwa cha zipu huchomoka, na penseli zote huishia chini ya mkoba wa shule. Kitambaa huwa bado kizima na sura bado inapendeza, lakini kipochi hakifungi tena. Kwa hiyo niliposikia kwamba lipo duka dogo la vifaa vya ushoni huku Ngamiani, si mbali na Barabara ya 12, linalouza vifurushi vya vipande vilivyokwisha kukatwa na kufundisha ushonaji wa kipochi kwa asubuhi moja, nilimchukua binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 11, tukaenda siku ya Jumamosi. Kipochi cha kwanza tulikishona pale dukani, na cha pili nilikishona mwenyewe nyumbani kwa kufuata karatasi ya maelekezo tu. Ninayoyaandika hapa yanatokana na vipochi vyote viwili, na tofauti kati yao ni kubwa.

Kifurushi hutiwa katika bahasha ya kaki na huuzwa kwa shilingi 12,000; anayetaka na somo hulipa shilingi 20,000 kwa vyote viwili. Wanyama wa kuchagua ni watatu, yaani silikanti, kasa na mbega, na uchaguzi huo peke yake ulinifanya niamini kwamba aliyeandaa vifurushi hivi ameketi akafikiri. Mtoto wa Tanga hana habari nyingi za dubu. Silikanti, kwa upande mwingine, ni samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, hadi alipopatikana mmoja akiwa hai huko Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa pwani yetu walianza kuwanasa kwenye majarife miaka ya 2000, hata mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari inayobeba jina lake na la Tanga pamoja. Umbo lake pia linafaa sana kwa kipochi: mwili ni mnene na mrefu, kwa hiyo penseli na rula fupi vinaenea, mapezi yake yana nyama kama vikono, na mkia umegawanyika sehemu tatu. Binti alimchagua huyo bila kusita.

Ndani ya bahasha tulikuta vipande viwili vya pamba nzito ya bluu iliyokolea, vipande viwili vya bitana vilivyokatwa kutoka kwenye kanga, vipande vidogo vya mapezi, zipu ya nailoni ya sentimita 20, kitambaa kigumu cha kubandikwa kwa pasi, kile kiwekwacho ndani ya kola za mashati, uzi mweupe wa kutarizia na vifungo viwili vyeusi vya macho. Bitana yetu ilikatwa karibu na pindo, kwa hiyo ukifungua kipochi unaona herufi tatu za jina la kanga, zimekatika katikati ya neno. Sijui neno lenyewe lilikuwa lipi, lakini binti amekwisha kulitungia mwisho wake.

Sehemu iliyonifanya niandike tathmini hii ni namna zipu inavyofundishwa. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye wanafunzi wote humwita mama fundi, hakuturuhusu kugusa vipande vya bahasha kwa muda wa saa nzima. Alimpa kila mmoja matambara manne na kipande cha zipu kuukuu, akatutaka tushone zipu katikati ya matambara hayo, tufumue, kisha tushone tena. Binti alipoanza kulalamika kwamba huyo siye samaki, mama fundi alimjibu kwa upole, "Subiri, mwanangu. Zipu haifii katikati, hufia pembeni. Ukiijua pembe yake, mnyama yeyote utamshona."

Nilipotazama vipochi vilivyoharibika nyumbani niliona kwamba ni kweli tupu. Katika vile vya kununua, zipu ni ndefu kuliko mdomo wa kipochi, na meno yake humezwa ndani ya mshono wa ubavuni. Pale pembeni hutokea kinundu kigumu, mtoto huvuta, nyuzi za mshono hukatika moja baada ya nyingine, na siku moja kichwa cha zipu hupita mpaka nje. Mama fundi hufanya kinyume chake. Hukata zipu iwe fupi kuliko mdomo, kisha kila ncha huivika kipande kidogo cha kitambaa kilichokunjwa, akakishona kwa kupita na kurudi mara tatu juu ya meno yenyewe, jambo ambalo kwa zipu ya nailoni halina shida lakini kwa zipu ya chuma lingevunja sindano. Mshono wa ubavuni ukija kupita, hupita juu ya kitambaa kitupu. Pembe hulala, haina kinundu, na kichwa cha zipu kina mahali pa kugotea.

Baada ya hapo kazi yenyewe huenda kwa utaratibu ambao mtoto anaweza kuushika. Zipu hulazwa kifudifudi juu ya uso wa kitambaa cha bluu, bitana hulazwa juu yake, vyote vitatu hupigwa bandi kwa mkono, ndipo vipelekwe kwenye cherehani. Cherehani za pale ni za kukanyaga, sindano ni namba 14, na kwa mwanafunzi mdogo naona hilo ni jema kuliko mota, kwa sababu mguu wake ndio unaoamua mwendo. Lipo jambo moja nililomwona binti akilifanya ambalo ningependa kila anayeshona zipu alijue. Alipokaribia kichwa cha zipu, mahali ambapo mshono wa wengi huchepuka na kuacha tumbo, alisimama, akazungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikazama ndani ya kitambaa, akanyanyua mguu wa cherehani, akasukuma kichwa cha zipu kikapita nyuma ya sindano, akateremsha mguu, akaendelea. Mshono ulitoka umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kisha kitambaa hugeuzwa, hupigwa pasi, na mshono mwingine hupitishwa juu, milimita tatu hivi kutoka kwenye meno, ili bitana isije ikanaswa kila kipochi kinapofunguliwa. Vipochi vya dukani nilivyokuwa nikinunua havikuwa na mshono huo hata kimoja.

Madoa meupe hutariziwa kabla pande mbili hazijaunganishwa, kitambaa kikiwa tayari kimebandikwa kile kigumu cha ndani. Karatasi haikuchora madoa, na mwanzoni nilidhani ni upungufu. Binti alipouliza yawe mangapi, mama fundi alituonyesha picha mbili za silikanti kwenye simu yake na kutueleza kwamba mpangilio wa madoa hutofautiana kati ya samaki mmoja na mwingine, na kwamba watafiti hutumia tofauti hiyo kumtambua kila mmoja. Basi wanafunzi sita waliokuwapo asubuhi ile walitoka na silikanti sita wasiofanana. Wa kwetu ana madoa kumi na tisa upande mmoja na kumi na mawili upande wa pili, kwa kuwa kufikia hapo vidole vilikuwa vimechoka.

Sasa niseme kuhusu kipochi cha pili, kile cha kasa, ambacho nilinunua bahasha yake nikaondoka nayo. Karatasi ya maelekezo ni ya ukurasa mmoja, michoro yake ni safi na Kiswahili chake kinaeleweka, lakini imeacha mambo mawili ambayo pale dukani husemwa kwa mdomo. La kwanza, haisemi kama kiolezo, yaani umbo la kukatia kitambaa, kimekwisha kujumlisha nafasi ya mshono, ule ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mshono. Mimi niliongeza sentimita moja pande zote za kipande cha tumbo nilichokata upya, na ganda la kasa likakataa kukutana na tumbo. La pili ni zito zaidi. Karatasi inaelekeza kuunganisha pande mbili kwa kushona kuzunguka, bila kutaja kwamba kabla ya mshono huo zipu ni lazima iachwe wazi nusu. Nilishona kuzunguka zipu ikiwa imefungwa, na nilipotaka kukigeuza kipochi kupitia tundu lililoachwa kwenye bitana, mkono uliishia kwenye ukuta. Nilifumua sentimita kumi za mshono kwa ncha ya wembe, na pamba ile ikabaki na alama. Mtu anayenunua kifurushi hiki akakipeleka Muheza au Pangani, ambako hana wa kumwuliza, atapoteza jioni nzima kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikuandikwa.

Miguu ya kasa nayo ni myembamba mno. Ikishashonwa hubaki na upana wa sentimita moja na nusu hivi, na kuigeuza kwa kalamu kulitoboa mmoja. Niliporudi kueleza hayo, mama fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi zilizobaki na kuanza kuandika kwa mkono juu ya mchoro wa tano, "Fungua zipu nusu." Miguu ameahidi kuipanua katika vifurushi vijavyo. Ni jibu la mtu anayeijali kazi yake, lakini mpaka karatasi itakapochapwa upya, ushauri wangu ni kwamba asiyewahi kushona zipu asinunue bahasha peke yake. Alipe hizo 8,000 za ziada akae pale asubuhi moja. Fundi mzoefu anayetaka tu vipande na kiolezo hatapata shida.

Kuhusu mahali penyewe, chumba ni kidogo na cherehani ni tatu kwa wanafunzi sita, kwa hiyo mnapokezana, na anayekuja saa nne badala ya saa tatu hungoja sana. Mkasi njoo nao mwenyewe, kwa kuwa ile ya dukani imechoka na katika mizingo ya mapezi, panapotakiwa mikato midogo inayokaribia mshono bila kuugusa, mkasi butu huharibu kazi yote.

Kipochi cha binti sasa kina wiki ya tano kikienda shule na kurudi, na pembe zote mbili za zipu zimelala kama siku ya kwanza. Kitu kimoja tu kimetusikitisha: tulipokifua mara ya kwanza, ile bluu ilitoa rangi, na madoa meupe ya upande mmoja yakawa na rangi ya anga. Pamba ile ilipaswa kuloweshwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, na hilo nimemwambia mama fundi pia. Nilimwuliza binti kama tuyafumue madoa hayo na kuyatarizi upya. Alikigeuza kipochi mara mbili mkononi, akasema yabaki, kwa sababu samaki huyu anaishi chini sana na huko mwanga ni mdogo.