TAHADHARI: kuna jamaa anauza memori ya "512K" ya Commodore 64, ndani ni 128K tupu

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Kuna jamaa anauza ile katriji (kiboksi cha kuchomeka nyuma) ya kuongeza memori kwenye Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, anasema ni 1750, yaani ile kubwa ya 512K (kilobaiti 512), na mimi nishapigwa tayari. Jina sitaji, akaunti zenyewe anabadilisha kila siku, ila mchezo wake ni uleule na ndo nataka muujue.

Kwa ambao hawajawahi kuzishika, Commodore walitoa tatu zinazofanana sana kwa sura: 1700 ina 128K, 1764 ina 256K, 1750 ina 512K. Kinachozitofautisha hasa ni chipu za ndani na stika ya nje. Na 1750 ndo kila mtu anaitafuta. Hapo mshaona mlango wa tapeli uko wapi.

Mzigo ukafika umefungwa vizuri kabisa, stika safi ya 1750, halafu kwenye skrubu kabandika karatasi "ukifungua hakuna kurudishiwa pesa". Hiyo peke yake ilitakiwa inishtue. Nikaichomeka mashine ikiwa imezimwa (jamani katriji usichomeke mashine ikiwa inawaka, utaua vitu), nikawasha, skrini ya bluu ikaja na maneno yaleyale ya siku zote, 38911 BASIC BYTES FREE, yaani memori iliyobaki kwa BASIC, lugha ya programu ya mashine. Nikamwandikia, mkuu mbona namba haijaongezeka? Akajibu fasta na kwa upole kabisa, kaka hiyo ni kawaida, BASIC haiioni hiyo memori.

Na hapo ndo alinimaliza, maana alichosema ni kweli! Prosesa ya C64 (Commodore 64) inaona 64K tu basi, memori ya katriji inakaa pembeni na kuna chipu ndani yake kazi yake ni kuhamisha data kuingiza na kutoa, baiti karibu milioni moja kwa sekunde, kwa hiyo hata ukiwa na 1750 halali kabisa ile 38911 haisogei. Nikajua huyu fundi, nikatulia.

Kisha akanipa kipimo mwenyewe, bila kuombwa. Andika PRINT PEEK(57088) AND 16, ikija 0 ni ile ndogo ya 128K, ikija 16 ni kubwa. Nikaandika, ikaja 16. Akasema haya sasa thibitisha umepokea ili pesa itoke. Nikathibitisha siku hiyohiyo, mjinga mimi.

Asichoniambia ni kwamba ile 16 haihesabu memori yoyote. Inasoma jampa, yaani kiunganishi kidogo cha waya kwenye bodi, na jampa unaikata kwa kisu dakika moja tu, baada ya hapo katriji itakuambia mimi mkubwa hata kama ndani hakuna kitu. Na hata bila uchakachuaji, 256K na 512K zote zinatoa 16, kwa hiyo hicho kipimo hakiwezi kuthibitisha 512K hata siku moja.

Nilikuja kushtuka wiki mbili baadaye, natumia GEOS (mfumo wa madirisha na picha wa C64) na ile diski ya kwenye memori, mafaili yakawa yanaharibika, unahifadhi barua ukiifungua unakuta vipande vya picha. Ndo nikakaa nikapima kiutu uzima. 512K ni benki 8 za 64K. Unachagua benki kwa POKE 57094 (POKE ni amri ya BASIC ya kuweka namba kwenye anwani), unaandika namba tofauti kwenye kila benki, mimi niliweka 11, 22, 33 hadi 88, na amri ya kupeleka ni POKE 57089,144, ya kurudisha ni 145. Anwani na benki weka upya kila mara kabla ya amri maana zinasogea zenyewe. La muhimu, andika ZOTE nane kwanza halafu ndo usome zote, ukiandika moja na kuisoma hapohapo utaona kila kitu kiko sawa na utadanganyika tena. Katriji nzima inarudisha nane tofauti. Yangu ilirudisha mbili tu zikijirudia, nyingine zote zilikuwa zimefutwa na zilizoandikwa juu yake.

Nikabandua karatasi yake nikafungua. Chipu 16, zote zimeandikwa 4164. Chipu moja hiyo ni kilobaiti 8, zidisha mara 16 upate 128. Kwenye 512K unatakiwa ukute 41256, nazo 16. Jampa imekatwa, na chini ya ile stika safi kuna alama ya gundi ya stika nyingine.

Nikamtumia picha. Upole wote ukaisha, eti umeiunguza mwenyewe na pawa sapulai mbovu. Ni kweli pawa sapulai za C64 za zamani ni wauaji, volti 5 ikipanda inakula chipu, na katriji hizi zinakula umeme mwingi kiasi kwamba 1764 ilikuja na pawa sapulai yake kubwa zaidi. Ila yangu ni mpya na nimeipima kwa mita iko 5 kamili, na tangu lini chipu ikiungua inabadilisha namba iliyoandikwa mgongoni? Nilipomuuliza hilo akaniblock.

Pesa haijarudi, nilishathibitisha kwa mkono wangu.

Tangazo limerudi jana kwa akaunti nyingine, picha ni ileile, katriji juu ya kitambaa cha kijivu na mkwaruzo kwenye kona ya kulia juu ya stika. Nilimwomba kwa akaunti ya rafiki yangu anitumie picha ya bodi ikiwa wazi, namba za chipu zisomeke. Akasema zimeshanunuliwa zote. Tangazo bado lipo.