Kambi ya watu wawili: Companion mbili au Garberg moja?

Companion na Garberg ni visu vya kambini vya kampuni ya Morakniv. Kwa watu wawili, chukueni Companion mbili na panga. Garberg ni kisu imara sana, lakini kazi inayokipa sifa, kupasua kuni, ni ileile ambayo panga huimaliza kwa mapigo matatu, na bei yake inanunua Companion kadhaa.

Visu vyote viwili vinatoka Mora, Uswidi. Garberg ina bapa la unene wa milimita 3.2 na msuka (chuma cha bapa kinachoingia mpinini) unaopita ndani ya mpini mpaka kitakoni. Companion ya kawaida haizidi milimita 2.5, na msuka wake unaishia ndani ya plastiki. Tofauti hiyo mtaiona kwenye kupasua kuni. Simamisha kipande kikavu, kinene kama kifundo cha mkono, juu ya gogo. Weka makali katikati, gonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti. Bapa likishazama, gonga upande wa ncha iliyochomoza. Companion nayo inapasua, ila ikikwama kwenye fundo usiipindepinde, maana hapo ndipo bapa hulegea mpinini. Na mwenzako asishike kuni unapogonga, hata kama inayumba.

Jikoni Garberg inachosha. Ikifika katikati ya karoti, karoti inapasuka "ta!" kabla haijakatwa. Companion, kwa wembamba wake, inakata nyanya mbivu bila kuibonda.

Kwa kijiti cha cheche (kile unachokikwaruza kwa mgongo wa kisu kuwasha moto), Garberg imeshachongwa pembe kali mgongoni. Companion inateleza tu. Chukua tupa, sawazisha sentimita 3 za mgongo karibu na mpini hadi pembe ikwaruze ukucha.

Kunoa ni rahisi kwa vyote: laza mteremko wote (upande ulioinama kuelekea makali) juu ya kinoo, usiinue mgongo. Wengi huinua kidogo ili wamalize haraka, makali yanakuwa butu kwa pembe na kisu kinaanza kuteleza juu ya mti badala ya kuuma.

Companion ipo ya chuma cha kaboni na ya kisichoshika kutu. Ya kaboni ikikata limau inageuka rangi palepale. Ifute, ipake mafuta ya kupikia kiasi cha tone, na usiirudishe ikiwa mbichi kwenye ala. Kwa kambi za pwani, penye upepo wa chumvi, nunueni isiyoshika kutu.