Herufi q ilivyonipotezea jioni nzima: Emacs na SLIME

Niseme mapema, hasira bado ninayo.

Juzi kati nilikuwa nyumbani Moshi, baba mdogo ananisomea daftari la kahawa ya maganda, jina na kilo, jina na kilo, mimi nachapa. Programu nimeiandika kwa lugha ya Common Lisp, naiendesha kwa SBCL, kompaila yake, ndani ya Emacs, kihariri changu cha maandishi, kupitia SLIME, nyongeza inayoiunganisha Emacs na Lisp. Tulikuwa tumeshapita wakulima mia na themanini, tukafika kwa mmoja ambaye kilo zake hazijaandikwa. Nikabonyeza Enter patupu. Dirisha la debaga, chombo cha kuchunguza makosa, likaruka: NIL, yaani patupu, si namba. Chini yake njia za kuendelea, 0, 1, 2, halafu msururu wa fremu, yaani funksheni zilizokuwa zinaitana hadi pale kosa lilipotokea. Nikafanya ninachofanya siku zote Emacs ikiniletea dirisha nisilolitaka. Nikabonyeza q.

Kwingine q hufunga dirisha, basi. Hapa inatupa kazi yote iliyokuwa imesimama. Kilo zote zilikuwa kwenye kigeu, kihifadhi cha thamani, cha ndani ya funksheni, zikaenda nayo. Baba mdogo akavua miwani, akafunga daftari taratibu. "Mwanangu, ndiyo tunaanza tena?"

Nikampigia kaka mmoja tunayefahamiana kikazi, yuko Arusha. "Bonyeza C-h m, Ctrl na h halafu m, usome maelezo ya vitufe. Kama kusoma huwezi, Lisp achana nayo." Akakata. Na jibu lake ni sahihi, ndiyo maana linaniuma hadi leo. Nani anasoma maelezo kabla ya kufunga dirisha?

Ningeipa nyota moja nikalala. Ila sikulala, nikasoma. Kumbe kosa likitokea Lisp haibomoi kitu, inasimama palepale na vigeu vyake viko hai. Ukiwa umekompaili kwa debug 3, kiwango cha juu cha taarifa za debaga, unasimama kwenye fremu, e unaulizia thamani, v inakupeleka kwenye mstari wenyewe. Unarekebisha funksheni, unaikompaili upya kwa C-c C-c, unarudi kwenye fremu ile unabonyeza r kuirudia. Nilijaribu makusudi na kilo tupu: funksheni ya malipo ikarudiwa kwa sura yake mpya, orodha haikupungua hata kilo moja. Mwili ulinisisimka.

Kwa hiyo nafuta nyota moja. Hii ndiyo debaga bora niliyowahi kushika, na hilo ndilo linalonichoma: namba zimeandikwa kwenye dirisha, herufi hazimo! Kitu kizuri hivi kinafichwaje?

Nikaongeza mistari kumi na kitu ya Elisp, lugha ya kuirekebishia Emacs yenyewe. Sasa juu ya dirisha pameandikwa kwa Kiswahili: r RUDIA, e ULIZA, v CHANZO, q TUPA KAZI. Na q lazima iulize kwanza kama nina uhakika. Nyota nne, ya tano siitoi.

Jumapili tulianza upya kwa mkulima wa kwanza. Katikati kosa jingine likaruka. Kabla sijagusa kitu baba mdogo akainama kwenye kioo, akasoma kwa sauti: "Tupa kazi." Akanishika mkono. "Hiyo usiiguse."