Kempa ya Noah na watoto watatu: sanduku langu la Fom Wani lilivyozishinda droo zao

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila aliyeona picha zetu. Mara mbili tumekodi hapa Nairobi Toyota Noah iliyogeuzwa kempa, yaani gari la kusafiria na kulala ndani. Agosti tulilala nje mara tatu, Desemba mara nne. Ni Sh9,000 kwa usiku mmoja, mafuta juu yako, na amana ya Sh20,000 unayorudishiwa ukirudisha gari. Kampuni sitaitaja, kwa hivyo msinitumie ujumbe mkiuliza. Ninachotaka kueleza ni jinsi familia ya watu watano inavyoishi ndani ya gari ambalo kwenye picha lilionekana kubwa kuliko sebule yetu ya Umoja.

Ile picha nimeirudia mara nyingi. Kitanda kimetandikwa, taa ndogondogo zimening'inia, kikombe cha chai kiko kwenye rafu. Kilichonipita ni kwamba ndani yake hamna mtu hata mmoja. Hamna begi, hamna viatu vya matope, hamna kitinda mimba wa miaka minne anayetaka kukojoa saa nane za usiku.

Gari lenyewe liko hivi. Viti vya nyuma kabisa vimetolewa, pakatiwa kitanda cha plaiwudi kinachokunjwa. Chini yake kuna droo mbili unazozivuta ukifungua mlango wa nyuma. Ubavuni kuna kabati jembamba la vyombo, halafu kifriji, na betri ya pili ya kukihudumia. Mimi, mzee wangu na kitinda mimba tulilala ndani. Kifungua mimba na mdogo wake wa kati walilala kwenye hema nje, na nusu ya usiku walikuwa wakigombania tochi.

Agosti tulielekea mbuga ya Hell's Gate, kule Naivasha. Tulichukua barabara ya chini, ya Mai Mahiu, kwa sababu watoto walitaka kuliona lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Tulipoanza kuteremka zile kona za bonde la ufa, nikasikia mlio huko nyuma, kama mtu anagonga sufuria. Kona iliyofuata, kitinda mimba akasema kwa utulivu kabisa, "Mum, maharagwe yanatembea."

Kabati la ubavuni lilikuwa limefunguka. Kumbe mlango wake ulikuwa umeshikwa na sumaku tu, ile ya kabati za jikoni. Jikoni sawa, kwa kuwa jiko halipigi kona. Githeri niliyoichemsha usiku kucha ilikuwa imemwagika kwenye godoro, punje za mahindi zimeingia hadi kwenye reli ya kiti. Tuliegesha Mai Mahiu, mzee wangu akashuka, akanunua mpira wa kufungia mizigo, ule uliokatwa kwenye tyubu ambao watu wa bodaboda hufungia kreti na magunia. Akaliviringisha kabati mara mbili. Halikufunguka tena hadi tunarudi nyumbani. Katika safari nzima hakuna kifaa tulichonunua kwa bei ndogo kama hiyo kikafanya kazi vizuri vile.

Mbugani penyewe sina malalamiko. Unalipia kwenye eCitizen kabla hujafika, jambo zuri kwa sababu ukishafika Elsa Gate na watoto wenye njaa hutaki kuanza kutafuta mtandao. Kumbuka pia kwamba plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 5, 2020, kwa hivyo zile chupa za maji za dukani ziache nyumbani. Sisi tulibeba mitungi miwili ya lita 20 na kila mtoto na chupa yake ya chuma. Wakubwa walikodi baiskeli wakaendesha kati ya pundamilia na ngiri, kitu ambacho huwezi kufanya kwenye mbuga nyingi za Kenya. Chini ya ule mwamba wa Fischer's Tower kitinda mimba alikaa nusu saa akiwatazama pimbi, akakataa kuondoka.

Shida ilianza jua lilipotua. Mchana kutwa mizigo yote ilikuwa imekaa juu ya kitanda kilichokunjwa. Sasa ili ukikunjue lazima uitoe. Uipeleke wapi? Nje, manyunyu yameanza. Kwenye viti vya mbele, hapatoshi. Tulisimama pale na mabegi manne, mablanketi, viti vya kukunja na mfuko wa vitunguu, mzee wangu ameshika godoro kichwani kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Ilituchukua dakika 45 kupata mahali pa kulala. Hapo ndipo nilipoelewa gari dogo linataka nini. Nyumbani nilikuwa nimepanga kila kitu kikae wapi mchana. Sikujiuliza hata mara moja kitakaa wapi usiku.

Na friji. Kijana wa ofisini alikuwa ameniambia, "Madam, hiyo iwashe tu, haina stori." Tulizima injini saa moja jioni. Saa kumi na moja alfajiri friji ilikuwa imezima, taa zimezima, na simu yangu niliyoiacha ikichaji ilikuwa na asilimia tisa. Mzee wangu ni mtu wa mahesabu, akayafanya akiwa bado chini ya blanketi. Kifriji kile hakina kompresa, ile pampu ya friji za nyumbani, ni kile cha bei rahisi kinachokula umeme mfululizo bila kupumzika, kama wati 60. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 5 kila saa. Betri ilikuwa ya ampea-saa 100, lakini betri ya kawaida ya maji na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hivyo una 50 za kutumia. Hamsini gawa kwa tano ni saa kumi. Saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Yaani ile friji ilifanya kazi yake sawasawa. Aliyeikosea hesabu ni aliyeifunga. Ya kompresa ingewaka na kupumzika, ikatufikisha angalau mchana. Nilipopiga simu niliambiwa niwashe gari likae likinguruma saa nzima. Kwenye kambi, watu wamelala! Maziwa yaliharibika, tukanywa strungi.

Asubuhi hiyohiyo, nikiwa nimeacha mlango wa nyuma wazi nikitafuta majani chai, nyani dume akaja bila haraka, akaishika droo, akaivuta, akachukua mkate mzima wa gramu 800, akaenda kukaa kwenye jiwe kuula akitutazama. Droo ile haina komeo wala kufuli. Ilifunguka kwa mkono wa nyani kama ilivyofunguka kwa wangu.

Mtu angeuliza kwa nini basi tulirudi Desemba. Kwanza, watoto walisumbua. Pili, ukilinganisha na vyumba viwili vya hoteli kwa watu watano, hesabu bado inaikubali kempa. Na tatu, kabla ya kurudisha gari lile Agosti nilikuwa nimechukua futi nikapima kila pembe.

Chini ya kitanda, droo ikiondolewa, kuna nafasi inayolingana kabisa na sanduku la bweni. Lile la bati, ambalo kila mtu aliyesoma shule ya malazi nchi hii analijua. Langu la Fom Wani, yaani kidato cha kwanza, lilikuwa juu ya kabati kwa mama yangu, jina langu na nambari ya usajili bado vimeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Nilipolisukuma ndani lilibakisha vidole viwili juu. Tuliwaomba ofisini waitoe droo moja, wakakubali bila maneno, hilo niwapongeze.

Sanduku likawa jiko. Chini sufuria tatu zilizoingiana, katikati unga, mchele na majani chai kwenye mikebe, juu kabisa mwiko, kisu, kiberiti na taulo la vyombo, maana hivyo ndivyo vinavyotafutwa kwanza. Lilikuwa likipiga kelele barabarani, nikalitandika shuka kuukuu la Kimasai ndani, likanyamaza. Lina komeo mbili na kufuli. Ukilivuta nje linakuwa meza ya kukatia sukuma wiki, ukilirudisha limefungwa. Halihami usiku, halihami mchana, na nyani na ajaribu aone.

Mabegi ya magurudumu tuliyaacha Umoja. Kila mtoto alipewa kiondo chake, rangi yake, na amri moja tu: kisichoingia kwenye kiondo hakisafiri. Kiondo kinajibana, kinaingia kwenye pembe ambazo begi gumu haliingii. Usiku viondo vyote vinakwenda kiti cha abiria mbele. Kiti cha dereva hatuweki kitu hata soksi, na ufunguo unaning'inia mahali pamoja, ili likitokea la kutokea usiku mtu anakaa anaendesha. Mitungi ya maji tuliihamisha. Agosti ilikuwa nyuma kabisa, kilo 40, gari limechuchumaa kama mtu anayefua. Desemba tuliikalisha nyuma ya viti vya mbele, chini kabisa, tukaifunga kwa ule mpira wa bodaboda. Gari likatulia hata kwenye matuta ya Karatina. Kutoka mizigo hadi kitanda tulishuka hadi dakika kumi, na siku ya tatu kifungua mimba aliipanga peke yake akiwa amekasirika, kwa dakika saba.

Friji tuliizima tangu nyumbani. Tukabeba maziwa ya pakiti yasiyohitaji baridi, mayai, viazi, na nyama tukawa tunanunua ya siku hiyohiyo. Betri ikabaki ya taa na simu, na haikuisha.

Tulikwenda upande wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na baridi ya huko si ya mchezo. Kabla hatujaondoka mama mkwe alinivuta kando. "Mama watoto, bebeni jiko la makaa, usiku mliingize ndani liwapashe watoto joto." Najua alikuwa anatutakia mema, kwao ndivyo walivyofanya miaka yote kwenye nyumba ambazo upepo ulipita kila upande. Nikamwambia, "Mama, asante, lakini gari likifungwa hilo jiko litatumaliza tukiwa usingizini." Makaa hutoa sumu isiyo na harufu wala moshi unaoonekana, na gari dogo hujaa haraka sana. Meko yetu ya kilo 6 pia ilipikiwa nje kila siku, hata mvua ikinyesha, chini ya turubai. Joto la usiku lilitoka kwenye mablanketi mazito ya soko la Gikomba na chupa ya maji moto miguuni.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni jasho la gari. Pumzi za watu watatu usiku kucha, vioo vyote vikalia machozi, na asubuhi ya pili nilipoinua godoro nikakuta upande wa chini umelowa, kwa sababu ile plaiwudi haina tundu hata moja la hewa. Tukaanza kuacha madirisha mawili wazi vidole viwili, tukaziba na vipande vya chandarua. Nilivishikisha kwa zile sumaku za kabati! Mwishowe zikapata kazi inayozifaa. Godoro tukawa tunalisimamisha kila asubuhi hadi chai iishe.

Amana? Agosti ilirudi baada ya siku tisa na simu nne, ikiwa imekatwa Sh3,000 ya doa la githeri. Niliuliza kama mlango wa sumaku nao ungekatwa kitu, nikaambiwa nitapigiwa. Desemba ilirudi siku ya tatu, nzima. Kama unakodi, mwambie atakayekukabidhi gari akikunje na kukikunjua kitanda mbele yako, mizigo yako ikiwa ndani. Muulize friji ina kompresa au haina. Utikise mtungi wa gesi mwenyewe, maana wetu wa Agosti ulikuwa wa kuunguza chapati mbili tu.

Tumeshaweka nafasi ya Aprili. Kifungua mimba anaanza bweni mwezi ujao, na mzee wangu, kwa kubana matumizi, akapendekeza apewe sanduku langu. Binti akalifungua, akainama, akanusa. "Mum, hili linanuka vitunguu." Jumamosi tunakwenda soko la Kamukunji kumnunulia lake.