Usiue rangi! Slaida ya chungwa ndani ya Lightroom na picha ya bibi wa Tukuyu

Haya, haya, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niko Mbeya, hapahapa Soweto, ni Julai, nimevaa makoti mawili na niko ndani ya nyumba, kwa hiyo mkisikia meno yanagongana msiseme maiki mbovu. Na wewe unayeangalia kila wiki bila kujiunga, nakuona. Tumebakiza watu mia mbili tu tufike elfu tano. Bonyeza basi.

Lightroom ya simu. Ni programu ya kuhariri picha, ya Adobe, mnaijua, wengine mnaitumia kung'arisha picha za harusi mpaka bibi harusi anafanana na taa. Leo nataka kitu kimoja tu humu ndani.

Tazameni picha hii. Mwezi uliopita nilikuwa Tukuyu, bibi anamenya ndizi za mbalaga mlangoni mwa jiko, mjukuu kamning'inia mgongoni, wanacheka kitu ambacho mpaka leo sikijui. Hakuna aliyejua nina simu mkononi. Ukimwambia bibi "nikupige picha", imekwisha hiyo: anaingia ndani kubadili kitenge, anatoka amenyooka kama yuko kwenye foleni ya kitambulisho. Kwa hiyo hii ni dhahabu. Ila rangi ni vurugu. Kitenge chekundu, migomba ya kijani, ndoo ya bluu. Jicho linakwenda kwenye ndoo! Bibi yupo pale, halafu ndoo ndiyo inaonekana.

Ndiyo maana naipeleka kwenye nyeusi na nyeupe. Sasa wengi mnafanya hivi, angalieni skrini: mnashika slaida ya kukoleza rangi, mnaivuta kushoto mpaka mwisho. Ona. Uji. Kitenge na migomba vimekuwa kijivu kimoja, kwa sababu nyekundu iliyoiva na kijani kilichokolea mwanga wake unakaribiana; ukiondoa rangi, hakuna kinachozitenganisha. Na bibi kazama kwenye kiza cha jiko.

Narudisha. Naingia sehemu ya rangi, nabonyeza kitufe cha nyeusi na nyeupe, halafu nafungua mchanganyiko, kale kaduara ka rangirangi. Mnaona vidoti vinane? Nyekundu, chungwa, njano, kijani, samawati, bluu, zambarau, majenta. Picha haina rangi, lakini programu bado inakumbuka kila rangi ilikaa wapi. Hapo ndipo niliponasa mimi.

Nashika chungwa. Ngozi ya binadamu, uwe mweusi tii, uwe maji ya kunde, uwe Mzungu, sehemu kubwa imekaa kwenye chungwa na nyekundu. Tunapishana kukolea tu. Navuta kulia taratibu... kumi... ishirini... thelathini. Shavu hilo! Mikunjo ya pembeni ya macho hiyo! Na kiza cha jiko kiko palepale, sijagusa mwanga wa picha nzima. Narudia kwa waliokuwa wanakunywa chai: nyuma... mbele. Nyuma... mbele. Mimi hapa naweza kukaa mpaka kesho.

Nyekundu naishusha, kitenge kinakuwa cheusi, uso unatoka mbele. Usishushe sana lakini, midomo nayo inageuka mkaa. Kijani juu kidogo, migomba inakuwa kama iko kwenye ukungu. Bluu chini kabisa. Kwaheri ndoo.

Na chungwa usilewe nayo. Hii hapa ni themanini: bibi kapakwa majivu, chenga zimejaa shavuni.

Wazee wa kamera za filamu walifanya hivihivi kwa kioo. Unafunga kioo chekundu mbele ya lenzi, kinapitisha nyekundu na kuzuia bluu, anga linakuwa jeusi na mawingu yanaruka. Ila wao waliamua kabla ya kupiga, wewe unaamua umelala kitandani. Jaribuni na Mlima Loleza hapa Mbeya siku anga liko safi, mtanikumbuka.

Sasa najua kuna mtu anaandika, "Kaka, Snapseed bure." Ndiyo, nayo ni programu ya kuhariri picha, ya Google, bure. Nayo ina nyeusi na nyeupe yenye vioo vya rangi, lakini unachagua kimoja, huchanganyi. Hapa kwenye daftari nilikuwa nimeandika "Snapseed ni ya watoto". Nafuta. Kwa nini? Mwangalieni mjukuu. Yeye alikuwa upande wenye jua, na slaida ya chungwa haijui majina ya watu: nilipompandisha bibi, na yeye kapanda, paji la uso limeungua. Lightroom ina zana za kumchagua mtu peke yake, zinalipiwa, kila mwezi, kwa kadi. Mimi na kadi tunajuana. Kwa hiyo nimeihifadhi, nimeihamishia Snapseed, nagusa nukta moja pale kwenye paji, navuta chini, basi. Bure. Mchanganyiko wa rangi kwenye Lightroom nao ni bure, asije mtu akakushawishi ulipie kwa ajili ya huo.

Kuchapa. Kuna studio, siitaji, ilinipa bibi wa kijani. Mashine nyingi zinatengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi, zikiyumba kidogo tu kijivu kinashika rangi moja. Omba wakutolee moja ndogo kwanza, toka nayo nje uitazame juani, ndipo ulipe zilizobaki.

Iliyotoka vizuri nikampelekea bibi. Kaishika, kaisogeza mbali, kaisogeza karibu. Akaniuliza, "Kitenge changu chekundu umekipeleka wapi?"

Kwa hiyo nimemchapia na ya rangi. Pamoja na ndoo. Mdogo wangu hapo nyuma ananionyesha betri, haya, ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa.