Mwaka mmoja na Yamaha C40

Kabla ya hili nilikuwa na gitaa jingine, jeusi linalong'aa, nililonunua Kariakoo kwa laki moja na nusu pamoja na mfuko wake. Nyuzi za chuma zilikaa juu mno ya freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, vidole vikachubuka, nami nikadhani ndiyo kujifunza kwenyewe. Miezi miwili baadaye mzee mmoja wa kwaya yetu, aliyekulia kwenye galatoni, yale magitaa ya zamani yasiyo ya umeme, alilishika kidogo tu. Akapiga uzi mtupu, kisha akaubana freti ya 12. Hapo sauti inatakiwa kuwa ileile, ila oktava moja juu, kama do ya chini na do ya juu. Yangu ilipanda kupita kiasi. "Mjukuu wangu, hili utalityuni mpaka uzeeke."

Safari ya pili nilikwenda naye dukani. Rangi hakuitazama. Alilichungulia shingo toka kichwani kama fundi seremala anavyopima ubao, akapita freti moja moja kwenye kila uzi akisikiliza mkwaruzo, akamalizia na ile ya 12. Muuzaji akaanza kununa. Zilikuwapo C40 mbili, sura moja. Ya kwanza ilikwaruza kwenye uzi mnene, tukaiacha. Ya pili nikailipia laki nne na ushee, roho ikiniuma kweli.

Ni gitaa la nyuzi za nailoni, kwa hiyo vidole vimepona. Shingo ni pana, milimita 52 pale juu, wakati magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana 43 hivi. Mwenye kiganja kidogo atahangaika na kodi (chord) ya F, inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi kadhaa kwa pamoja. Mimi ilinichukua mwezi mzima. Mbao zake ni za tabaka, mlio hauna kina cha gitaa la bei kubwa, lakini kwa joto na unyevu wa Dar sijaona popote palipopinda. Usijaribu kulifunga nyuzi za chuma ukitafuta sauti kali: mvuto wake ni mkubwa, daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, litang'oka.

Kinachonikera ni kwamba halina vifungo vya mkanda. Kwaya nzima inasimama, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, maikrofoni imeinamishwa hadi kifuani, maana la kuchomeka waya nalo silo.

Lile jeusi bado lipo. Watoto wanalipiga ngoma.